Nilipokuwa Mdomo wa Mama

Jirani yangu wa hapa Pangani anakaanga karanga. Anazisaga kwa mashine ndogo ya umeme, anazijaza kwenye vikopo vya plastiki na kuwauzia akina mama wanaowapikia watoto wao uji wa lishe. Ni mwanamke mwema, anayenibishia hodi hata akiwa na papai moja tu la kugawana. Lakini siku za kusaga, harufu ile inapopita juu ya ukuta na kuingia jikoni kwangu, mimi huinuka nikafunga dirisha. Aliwahi kuniuliza kama karanga zinanidhuru. Nikamwambia ndiyo, tangu utotoni. Hilo halikuwa uongo.

Harufu ile niliijua nikiwa darasa la pili. Ilitoka kwenye pakiti ya kung'aa, nyeupe nje na ya rangi ya fedha ndani, ambayo ulikata kona yake kwa meno, ukaiminya, na tope tamu la rangi ya kahawia likachomoza. Pakiti zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za mdogo wangu Saruni. Mimi nilisubiri ziishe, kisha nilizipasua pande zote ili ulimi ufike kwenye pembe. Nilikuwa na njaa ya kila siku, ile ambayo mtoto haijui kuwa ni njaa kwa sababu hajawahi kukaa bila kuwa nayo.

Tuliishi Dutumi, mbali kidogo na nyumba za wenyeji, pale mashamba ya ufuta yalipoishia na vichaka kuanza. Kabla ya hapo tulikuwa upande wa Kisarawe, nako tuliambiwa tuondoke. Sikumbuki aliyetuambia. Nakumbuka punda akipanda mlima na masufuria yakigongana mgongoni kwake, na mama akitembea mbele bila kugeuka nyuma hata mara moja. Sisi ni Wamaasai. Kwa majirani zetu wapya tulikuwa "wafugaji", na neno hilo walilitamka kwa kulirusha, kama mtu anayetema mbegu. Mahindi ya mtu yakiliwa, wawe ni ng'ombe wetu au wa watu tusiowajua, kesho yake shuleni nilisimamishwa mimi nieleze.

Kila mtu alitujua kwa ng'ombe. Walichokuwa hawajui ni kwamba wengi wao hawakuwa wa baba. Walikuwa wa ndugu zake, alipewa awachunge. Kiangazi kile, nyasi zilipogeuka vumbi, baba aliondoka nao wote kwenda kusini kutafuta maji, akatuachia majike mawili yaliyokonda. Maziwa machache tuliyokamua asubuhi yalichukuliwa na kijana wa pikipiki, nasi tukapata unga. Maziwa ya mama yalikuwa yamekatika. Saruni, aliyekuwa amemaliza mwaka na miezi michache, alikunywa uji mweupe, mwepesi, ambao ukiinamisha kikombe unaona chini yake.

Mama, ambaye sisi tulimwita yeyo, hakujua Kiswahili. Baba alikijua, lakini baba hakuwepo. Basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, na masikio yake pia. Nilikwenda naye dukani, nikaenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaenda naye hata kwa mwalimu wangu mwenyewe alipoitwa kuambiwa kwamba nimechelewa shule mara nyingi. Siku hiyo nilimfasiria kwamba mwalimu anamsifu kwa kunileta. Yeyo akainamisha kichwa kwa heshima, mwalimu akashangaa kumwona anatabasamu.

Siwezi kusema kwamba ilinichosha. Niliipenda kazi ile. Watu wazima walinyamaza wakinisubiri niseme. Na mapema sana niligundua kwamba maneno yalikuwa mikononi mwangu, naweza kuyapunguza. Mwenye duka alisema, "Mwambie huyo Mmasai asinigusegusie mikate kwa mikono michafu." Nikamwambia yeyo, "Anasema hiyo mikate ni ya juzi." Yeyo aliirudisha polepole, akachukua chumvi, tukaondoka. Nilitembea nyuma yake nikiwa na furaha kubwa. Niliona kama nimemkinga na mvua.

Mara moja kwa mwezi nesi alikuja kijijini kwetu kwa pikipiki, akiwa na sanduku la chanjo na mizani. Mizani ile aliining'iniza kwenye boriti ya baraza la ofisi ya kijiji, na watoto wakapandishwa mmoja mmoja ndani ya kaptula ya turubai, miguu ikining'inia, wakipiga kelele. Akina mama wenyeji walikaa kwenye mikeka, wakiwa wamejifunga kanga safi. Sisi tulisimama pembeni, karibu na tangi la maji. Hakuna aliyetukataza kukaa. Hakuna aliyesogea pia.

Mbali na mizani, nesi alikuwa na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi tatu. Mwezi uliotangulia alimzungushia Saruni, akasema, "Njano. Mwambie mama yako ajitahidi." Nilimwambia. Niliona wengi wa watoto wengine wakipata kijani, nikaona kijani ndiyo rangi ya kila mtu, rangi ya kawaida tu. Sasa mwezi huu utepe ulikazwa tena kwenye mkono wa mdogo wangu, na kile kidirisha chake kikaonyesha nyekundu. Nyekundu ilikuwa rangi ya shuka za baba. Ilikuwa rangi ya shanga za yeyo za sikukuu. Nilichungulia juu ya mkono wa nesi, nikaiona, na moyoni nikasema: amepanda.

Nesi aliufungua utepe, akaufunga upya, akaangalia tena. Alikuwa amechoka, sasa naelewa. Alikuwa ameanza kazi tangu asubuhi, peke yake, na foleni ilikuwa bado ndefu.

"Mama yako bado hajui Kiswahili?" aliniuliza.

"Hajui."

"Na baba?"

"Yuko na ng'ombe."

"Yuko na ng'ombe," alirudia kwa sauti ili wengine wasikie, na mtu mmoja pale mkekani akaguna. "Haya, sikiliza wewe, mwambie hivi. Mtoto ameingia nyekundu. Mwambie ng'ombe wote wale wanaoharibu mashamba ya watu, halafu mtoto anakonda hivi, ni aibu. Nyie watu mnapenda ng'ombe kuliko watoto mliowazaa. Mwambie ni mzembe. Mwambie hivyo hivyo, usimfiche, mzembe! Na leo hii hii ampeleke hospitali, nimemwandikia barua, asilale naye nyumbani, nisisikie amekaa naye. Hizi pakiti ampe yeye tu, wengine msile. Umesikia? Mwambie."

Alisema yote kwa pumzi moja. Akina mama walikuwa wamegeuka wanatutazama. Miongoni mwao alikuwepo mama wa Hadija, msichana niliyekaa naye dawati moja, na Hadija mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake akitafuna ukucha. Uso wangu ulikuwa unawaka. Yeyo alikuwa ananitazama, amempakata Saruni, anangoja.

Nifafanue jambo moja kuhusu neno hospitali. Sikuwahi kuifikia. Nililijua neno hilo kwa vitisho tu. Mwalimu alisema, "Ukiendelea kupiga kelele nitakupeleka hospitali ukachomwe sindano." Mama wa Hadija aliwaambia hivyo wanawe wakikataa kula. Kwangu lilikuwa neno la mwisho katika ugomvi, lile ambalo mtu mzima anakurushia baada ya matusi kumwishia. Nesi alianza na aibu, akaja mzembe, akamalizia na hospitali, sauti yake ikipanda kila neno. Mimi niliyasikia yote kama kitu kimoja. Alikuwa anatukana, na sasa anatisha. Anataka mdogo wangu akachomwe sindano.

Nikageuka kwa yeyo, nikamwambia kwa lugha yetu, "Anasema Saruni amefika kwenye nyekundu. Anasema umpe hizi, yeye peke yake."

"Tu?"

"Tu."

Yeyo alimtazama nesi. Akainamisha kichwa, akapokea pakiti na kadi ya kliniki, na ndani ya kadi ile mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Nesi alikuwa tayari anamwita mtoto mwingine.

Njiani, tulipoyapita mashamba ya ufuta, yeyo alisimama. Alimhamisha Saruni bega moja hadi jingine, akaniuliza, "Yule mwanamke alisema maneno mengi. Mengine alisema nini?"

"Alikuwa anaongea na wenzake," nikasema.

Akanitazama, kisha tukaendelea kutembea.

Wiki ile nilikuwa na furaha. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Saruni alipewa zile pakiti, akamung'unya kidogo, nyingine akazitema, nami nikawa nalamba zilizobaki. Siku ya tatu niliona miguu yake imejaa. Vidole vilikuwa vimenona, ngozi ya juu ya mguu inang'aa, na mashavu yake yamekuwa ya duara kama ya mtoto wa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa upande wa mashambani. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, kikabaki kishimo kidogo. Nikacheka. Nikambonyeza tena pembeni yake, nikatengeneza vishimo vitatu mstari mmoja, nikamwita yeyo aje aone.

"Tazama, ananenepa!"

Yeyo alikuja akitoka kwa ndama, mikono yake ina majimaji. Alichuchumaa. Aliviangalia vile vishimo kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu yake kama anayetaka kuvifuta. Hakucheka. Aliniambia nikalete kuni.

Jambo jingine lililonifurahisha ni kwamba Saruni aliacha kulia. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kulia, wa kulia hadi sauti inakauka, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mchana kutwa nikitoka shule. Sasa alikaa kimya, macho yamefunguka, anatazama mahali pamoja. Unaweza kumlaza kivulini ukaenda kucheza, ukirudi yuko vile vile. Nilidhani amekuwa mkubwa.

Ijumaa asubuhi hakufungua macho. Alikuwa anapumua, lakini ukimwita haitiki. Yeyo alimfunga kwenye shuka, akanishika mkono, tukaenda mbio kwa Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alikuwa Mzaramo, mjane, mwenye shamba la mihogo, na pale Dutumi yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kwenye boma letu bila kuziba pua. Alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Shikamoo," nikasema, maana hata siku ile sikuthubutu kuacha.

"Marahaba. Kuna nini? Mlete. Mlete hapa, mwanangu wee." Alimfunua Saruni, akaiona miguu, akaweka mwiko chini. "Kadi yake iko wapi?"

Yeyo alilielewa neno kadi. Aliitoa kifuani. Bi Mwanaidi aliifungua, ile karatasi ikaanguka, akaiokota na kuikunjua. Alisoma akisogeza midomo. Kisha akamtazama mama yangu, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa mtu asiyeelewa.

"Hii ni barua ya hospitali. Ya tangu Jumatatu. Leo Ijumaa. Mbona hamkwenda?" Alinigeukia. "Muulize mama yako, mbona hamkwenda?"

Nilifungua mdomo. Yeyo alikuwa ananitazama, halafu akaitazama ile karatasi mkononi mwa Bi Mwanaidi, halafu akanitazama tena. Hakuna hata neno moja lililotoka, la Kiswahili wala la kwetu.

Bi Mwanaidi hakusubiri. Alikwishaanza kupiga kelele kumwita kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita barabarani. Walipanda wote watatu, dereva mbele, yeyo katikati na Saruni kifuani, Bi Mwanaidi nyuma akimshikilia. Mimi niliambiwa nirudi nyumbani nikaangalie ndama.

Walirudi alasiri, na pikipiki ile ile. Niliisikia kutoka mbali, nikakimbia kwenda kuwapokea. Ilikuwa inakuja polepole, na hapo ndipo nilipojua, kwa sababu asubuhi ilikwenda kasi. Uso wa Saruni ulikuwa umefunikwa. Bi Mwanaidi alishuka akiwa analia, akanivuta kifuani kwake, kanga yake inanuka moshi na petroli. Alisema hawakufika. Alisema walikuwa wameshaanza kuona mabati ya mjini.

Tulimzika kando ya zizi. Baba alipata habari baada ya siku nyingi.

Haukupita muda mrefu wakaja wageni. Walikuwa watu wa mradi wa lishe ya watoto, mwanamume mmoja na dada mmoja mwenye sauti ya upole, na mtendaji wa kijiji aliwaleta hadi kwenye boma letu. Walikuwa wanazungukia familia zilizopoteza mtoto, wajue sababu. Kijana wa Kimaasai aliyetakiwa kuwafasiria hakutokea. Walikaa kidogo wakimngoja, jua likapanda, mtendaji akanyoosha kidole kwangu.

"Si huyu yupo? Anasoma. Anajua Kiswahili vizuri kabisa."

Dada yule alinitazama, akasita. Nakumbuka alisita. Kisha akatoa fomu.

Wakauliza majina, wakauliza idadi ya ng'ombe, wakauliza maji tunachota wapi. Nilifasiri vyote sawasawa. Nilikuwa mwangalifu siku ile kuliko siku yoyote, kila neno nilililaza mahali pake. Ndipo dada akasema, "Muulize mama, siku ile ya kliniki, aliambiwa ampeleke mtoto hospitali?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Nilimgeukia yeyo, nikamwuliza kama nilivyoulizwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kwa mdomo wangu neno lile la siku ile.

Yeyo alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa. Aliacha. Alinitazama usoni hadi mtendaji akakohoa mara mbili. Kisha akasema, bila kuwatazama wao, "Waambie niliambiwa."

"Anasema aliambiwa."

"Muulize kwa nini hakwenda."

Nikamwuliza.

"Waambie nilipuuza."

"Anasema alipuuza," nikasema, na dada akaandika.

Mtendaji alitikisa kichwa na kumwambia yule mwanamume, "Ndiyo hawa. Ndama akiumwa hapo wangekuwa wamefika hadi Kibaha mjini kutafuta dawa. Hawana mwamko kabisa." Mwanamume akasema ndiyo maana elimu inahitajika. Walipoondoka, dada yule alinishika kichwa, akanipa kalamu ya wino. "Wewe ni mtoto hodari sana," aliniambia. "Unafasiri vizuri. Usiache shule."

Nilibaki nimesimama pale na kalamu yangu, na kitu kizito nilichokuwa nimekibeba tumboni tangu Ijumaa ile kilikuwa kimetoka. Aliambiwa. Amesema mwenyewe. Watu wazima wameandika. Labda basi nilimwambia na nimesahau. Labda alielewa kwa nesi mwenyewe. Mtoto anaweza kujenga nyumba nzima juu ya labda moja, na mimi nilijenga, nikahamia humo. Baada ya mwaka nilikuwa na uhakika. Nilikuwa naiona kabisa picha yake akilini: mimi nasema, Yeyo, nesi anasema hospitali, leo hii, na yeye anageuza uso, anakwenda kwa ndama.

Nilianza kumchukia. Sikuwahi kulitumia neno hilo, lakini ndilo. Nilichukia shuka lake, nilichukia shanga, nilichukia namna alivyosimama pembeni mahali popote penye watu. Usiku... hapana, si usiku tu, wakati wowote niliposikia mtoto analia nilimtazama kwa jicho la kumshtaki, na yeye alilipokea jicho lile akaendelea na kazi zake. Nilisoma kwa hasira. Nilifaulu. Nikapelekwa sekondari ya bweni kule Kisarawe, juu milimani, ambako asubuhi kuna ukungu na wasichana wa Dar walilalamika baridi. Huko nilipata sifa ya kuandika. Kidato cha tatu nilitunga insha juu ya elimu kwa akina mama wa jamii za wafugaji. Niliandika juu ya mdogo wangu. Niliandika kwamba mama yake aliambiwa na mtaalamu wa afya ampeleke hospitali, akapuuza, kwa sababu ya ujinga. Mwalimu wa Kiswahili alisema imemtoa machozi, akanichagua niisome siku ya wazazi.

Yeyo alikuja siku hiyo. Alitoka Dutumi alfajiri, akabadilisha magari, akafika amejifunga shuka jipya. Alikaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Niliisoma insha yote kwa sauti iliyonyooka, nikainua macho kila mwisho wa aya kama nilivyofundishwa. Nilijiambia kwamba haelewi. Wazazi walipopiga makofi, naye alipiga, na alikuwa wa mwisho kuacha.

Miaka ilikwenda. Niliolewa, tukapanga, kisha tukajenga hapa Pangani. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi saba nilitakiwa kurudi kazini, na yeyo akaja kunisaidia. Wiki ya kwanza tulikaa vizuri. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta jikoni, mtoto amemlaza kwenye mkeka, na yeye anakoroga uji. Nilichungulia kwenye sufuria. Ulikuwa mweupe, mwepesi, unaona chini.

Sijui ni nini kilinipanda. Nilimwambia kwa lugha yetu, na sauti yangu ilikuwa tulivu, jambo ambalo ni baya zaidi, "Uji huu ndio uliommaliza Saruni. Uliambiwa, ukapuuza. Kwangu usifanye hivyo."

Yeyo alizima jiko. Alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwa upindo wa shuka, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile yule mwanamke alisema muda mrefu," alisema. "Wewe ulisema muda mfupi."

Nilishika ukingo wa meza. Nyumba yangu ile ya labda haikuchukua muda kuanguka. Nilimwona nesi, nikaiona barua, nikajisikia nasema "Tu," kwa sauti ya kitoto iliyojaa kiburi. Yote yalikuwepo. Hayakuwa yameondoka popote.

"Ulijua?" nikamwuliza. "Tangu lini?"

"Tangu kwa Mwanaidi. Aliponyoosha ile karatasi, nikakutazama."

"Na wale wageni. Uliwaambia ulipuuza."

"Wangeandika nini? Kwamba ni wewe? Ulikuwa na meno ya utotoni bado." Alilinyoosha shuka magotini. "Watu wazima walijaa pale kwenye baraza. Kila mmoja alikuwa anakijua Kiswahili. Mwanaidi tu ndiye hakuwepo. Wote wakamwangalia mtoto abebe maneno yale, na mimi nikamwangalia. Basi nikasema bora liandikwe jina langu."

Nilikuwa nalia. Nilitaka ajue kwamba sikufanya kwa ubaya, hilo tu, kama vile lingebadilisha kitu. Nilimweleza juu ya aibu, juu ya mama wa Hadija, juu ya sindano. "Alikutukana, yeyo. Mbele ya wote. Alikuita mzembe, alisema unapenda ng'ombe kuliko sisi. Sikutaka usikie. Nilikuwa nakukinga."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake.

"Mzembe nililijua," alisema. "Mchafu nililijua. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili, niliyapata sokoni kabla wewe hujazaliwa. Matusi yake yote niliyasikia mwenyewe, Nashipai. Nilichokuwa nakungoja unipe ni yale mengine."

Mtoto alijigeuza kwenye mkeka, akaanza kunung'unika. Yeyo aliinuka kwa kushika goti, akawasha jiko tena, akauchukua mwiko.

"Unga unauweka wapi?" aliuliza. "Nionyeshe, niongeze."